Somo: Kuuponya mto wa kijiji, kuanzia kilimani hadi mikokoni

Assalaam aleykum wanachama. Wengi mmeuliza tupande miche gani kando ya mto masika haya. Nitajibu, ila miche iko hatua ya nne. Kikundi kinachoanza na miche hupanda, hupiga picha na mgeni rasmi, na mvua zikikatika miche imefukiwa na tope lililoshuka kutoka mashamba ya juu. Dawa ya tope iko huko huko juu.

Mfano wangu ni mto Zigi, kwa sababu watu wa Tanga mjini wote tunaunywa. Unatoka misitu ya Amani, Usambara Mashariki, unashuka Muheza na kuingia bwawa la Mabayani, ambako mamlaka ya maji inachotea. Udongo unaoshuka nao hutua bwawani na kukalia nafasi ya maji. Mwaka 2024 mamlaka hiyo, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani (mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa kazi za mazingira) ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji. Jambo jema sana, lakini bomba kubwa linataka mto wa kulijaza.

Hatua ya kwanza: ufuate mto siku ya mvua

Mto ukitembelewa kiangazi hausemi kitu. Subiri mvua kubwa ipite, kisha beba chupa tupu za maji, zile za lita moja na nusu. Kila kijito kinapoingia mtoni, chota maji ya kijito chenyewe, halafu ya mto juu ya maungano na chini yake. Andika kila chupa imetoka wapi. Ziache zitulie hadi asubuhi, uzipange mezani na upime kwa rula tope lililolala chini. Utaona kijito kimoja au viwili ndivyo vinavyouchafua mto mzima, na vingine mnavilaumu bure.

Kifuate kile chenye tope hadi mwisho wake. Mara nyingi utakuta shamba lililolimwa matuta ya kushuka na mteremko, au njia ya ng'ombe kwenda kunywa. Kwingine ni mashimo ya dhahabu. Wenzetu wa Amani wanakumbuka Zigi ulivyogeuka rangi wachimbaji walipovamia Sakale miaka ya mwanzo ya 2000. Na usiisahau barabara ya kijiji. Mtaro wake ukimwagwa ovyo kilimani huchimba korongo kuliko mkulima yeyote, ila kwa kuwa barabara haina mwenyewe, hakuna wa kuitwa mkutanoni.

(Usivuke mto uliojaa kwa sababu ya chupa. Chotea ukingoni.)

Hatua ya pili: maneno kabla ya majembe

Pitisheni jambo lenu serikali ya kijiji na mkutano mkuu, muhtasari uandikwe. Mito ya Zigi, Umba, Msangazi na Pangani yenyewe iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kwa hiyo barua iende huko pia; waulizeni habari ya kuunda Jumuiya ya Watumia Maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ijueni, lakini msiingie nayo mashambani kama rungu.

Hatua ya tatu: lizuieni tope lilipo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mnahitaji fremu A, kifaa cha kutafutia mstari wa usawa kilimani, na haigharimu chochote. Chukua miti miwili iliyonyooka yenye urefu wa kama mita mbili, ifunge kileleni, kisha kingamiza wa tatu katikati. Kutoka kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe, upite mbele ya mti uliokingama. Simamisha fremu juu ya vigingi viwili na weka alama pale uzi unapotulia. Igeuze, mguu wa kulia ukae pa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Pakate kwa kisu.

Sasa itembeze shambani. Mguu mmoja uache ulipo, mwingine usogeze juu au chini hadi uzi utue kwenye alama ya kisu, piga kigingi, endelea. Mstari utapindapinda. Lazima atatokea mtu wa kutaka kuunyoosha kwa kamba ili upendeze. Mkatalieni, maana ukinyooshwa maji yatapata mahali pa chini na kutobolea hapo.

Kwenye mteremko wa wastani chimbeni mtaro kufuata mstari huo, udongo utupwe upande wa kilimani. Hiyo ndiyo fanya juu. Juu ya tuta pandeni majani ya guatemala (ya kulishia ng'ombe) au matete. Penye mteremko mkali kama wa Amani achaneni na mtaro, kwa sababu ukijaa maji unaweza kuporomosha kilima. Ukanda wa majani peke yake unatosha.

Korongo lianzeni juu kabisa, linapozaliwa, hata kama shimo la kutisha liko chini. Pangeni vizuizi vya mawe: katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite hapo, ncha zizame ndani ya kuta, na chini yake tandikeni mawe maji yanapoangukia. Kizuizi kinachofuata kikae mahali ambapo kilele chake kinalingana na kitako cha kile cha juu.

Hatua ya nne: ukingo

Majani kwanza: matete na vetiva karibu na maji. Miti ifuate nyuma yake, ya kwetu: mikuyu, mivule, mkangazi. Mikaratusi ikae mbali na chemchemi, inakunywa mno. Pandeni mwanzo wa masika, si katikati.

Hatua ya tano: njia ya samaki

Angalieni makalavati. Kalavati likiwa limening'inia, maji yakiruka chini upande wa kutokea, samaki hapandi. Pangeni mawe kama ngazi ya mteremko mdogo hadi yafikie mdomo wa kalavati. Wakati wa kusafisha, gogo lililolala mtoni liacheni kama haliharibu daraja, maana kambale na perege hujificha hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Muheza: Shikamoo mwalimu. Jirani yangu analima nyanya hadi kwenye maji. Ukimgusa anasema shamba la babu yake.

Marahaba. Usianze na mita 60. Muulize ng'ombe wake wanakula nini kiangazi. Kule Muheza maziwa yana soko, na ukanda wa guatemala ukingoni ni chakula cha kukata na kubeba bila kulima. Akishaona faida, mpaka wa nyanya utarudi nyuma wenyewe. Bikoni (nguzo za mpaka) waachieni Bodi waziweke. Mkizipiga nyinyi ni ugomvi wa ukoo.

Kutoka Korogwe: Mto ukitakata, tuweke vifaranga vya sato?

Hapana. Sato si mwenyeji wa mito yetu, na huzaliana na perege wa asili hadi wa asili apotee. Kwenu hasa ni hasara, kwa sababu kuna perege ambaye kwa wanasayansi anaitwa Oreochromis korogwe, aliyeelezwa mwaka 1955. Sato mfugeni kwenye bwawa la kuchimba, mbali na mafuriko.

Kutoka Pangani: Maji ya chumvi yanapanda mtoni. Tukipanda mikoko mingi si itayazuia?

Haitayazuia, dada. Chumvi hupanda maji baridi yanapopungua, na ya kwenu yanatumika njia nzima tangu Kilimanjaro na Meru. Mikoko ina kazi nyingine: hulea kamba na samaki wachanga, na tope lake huhifadhi hewa ukaa nyingi. Ila msipande kwenye tope tupu ambako haijawahi kuota. Penye mikoko iliyokatwa, zuieni panga na mfungue njia za maji zilizozibwa. Mchu na mkoko vitajiotea.

Kutoka Tanga mjini: Nimeona Marekani wanabomoa mabwawa samaki warudi. Na sisi?

Huo ni mto Elwha, jimbo la Washington. Waliondoa mabwawa mawili kati ya 2011 na 2014, na samoni wakapanda tena. Mabayani tunakunywa, kaka, hatubomoi. Lakini hata sisi tuna msafiri: mkunga wa mtoni huzaliwa baharini, hupanda mtoni akiwa mdogo, na hurudi baharini kutaga. Mdogo huyo anaweza kuparamia mawe makavu? Hawezi, yawe na unyevu na yakwaruze, ndiyo maana ngazi ya mawe pale kwenye kalavati isisakafiwe kwa saruji.

Kutoka Maramba: Mbegu ya guatemala tunanunua wapi?

Msinunue. Ombeni kwa mfugaji yeyote wakati anakata, gawanyeni mashina yenye mizizi, mpande siku hiyo hiyo. Yakilala juani hadi kesho, mengi hayashiki.