Namna ya kumsaidia mwanafunzi aliyezama mtandaoni: anza na kile anachokikimbia

Mwanafunzi anapokesha na simu hadi alfajiri, wazo la kwanza la mzazi huwa ni kumnyang'anya. Hatua hiyo mara nyingi huondoa kifaa na kuliacha tatizo, kwa sababu uraibu wa intaneti na matatizo ya afya ya akili hulishana: mwenye sonona, wasiwasi au upweke huingia mtandaoni kutafuta nafuu, na akishapoteza usingizi, masomo na marafiki, huzuni iliyompeleka huko huzidi, naye huikimbia kwa kurudi palepale.

Kwanza hakikisha kwamba kweli ni uraibu, kwani wingi wa saa pekee si kipimo. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022, unautambua uraibu wa michezo ya kidijitali, ingawa haujauorodhesha uraibu wa intaneti kwa ujumla. Vigezo vyake vinafaa hata hapa: mtu ameshindwa kujizuia, jambo hilo limetangulia mengine yote, na anaendelea licha ya kuumia. Kwa kawaida hali hiyo huwa imeonekana kwa miezi 12 au zaidi, lakini usingoje muda huo ndipo uanze kumsikiliza.

Kisha mwombe aandike daftarini kwa wiki moja, kila anapojikuta ameshika simu, saa ilivyokuwa, alichokuwa akifanya kabla ya hapo na alivyojisikia. Daftari ni lake, na usilifungue bila ruhusa yake. Tuseme amekuruhusu usome, na ameandika: «Saa 3:40 usiku. Swali la pili la hesabu limenishinda. Najiona mjinga.» Maneno ya namna hiyo yakijirudia, utajua kwamba anaikimbia aibu, na dawa yake ni mtu wa kuketi naye wayapitie maswali hayo polepole. Mwingine ataandika kwamba ni mtandaoni tu ndiko anakojibiwa akisalimia. Huyo anahitaji watu, na kumfungia intaneti kabla hajawapata ni kumwongezea upweke. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, nami nakusihi usiparuke.

Kuhusu simu, anzeni na usingizi, kwa kuwa vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku, na anayekosa usingizi huwa mwepesi wa hasira na huzuni. Simu zote zilale nje ya vyumba vya kulala, ya mzazi ikiwemo. Zimeni arifa na video zinazojicheza zenyewe, kisha mpunguze muda kidogo kidogo kwa makubaliano, mkitarajia siku za mwanzo ziwe za kununa.

Akitaja kujidhuru au kutamani kufa, usimwache peke yake, na mtafutie msaada wa kitaalamu siku hiyohiyo. Huzuni ikidumu wiki mbili, au akiacha kula, kulala au kwenda darasani, mpeleke kwa mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, ambaye anaweza kupendekeza tiba ya kubadili fikra na tabia. Mwambie anaweza kubeba daftari lake akipenda, na mkifika, omba apewe nafasi ya kuzungumza na mtaalamu bila wewe kuwepo.