Ukitaka Kuwa Jaji, Anza na Mwandiko

Meza ya karani iko chini kidogo ya kiti cha jaji. Ukiikalia miaka mingi pale Mahakama ya Milimani, Nairobi, unajua wakili yupi atapanda na yupi atazeeka akiomba kesi iahirishwe. Nimestaafu, lakini vijana wa Buruburu bado wananiuliza, "Mzee, mtu hufanyaje awe jaji wa Mahakama Kuu?" Haya.

Masomo nitayapita mbio kwa sababu mnayajua: digrii ya sheria, Chuo cha Mafunzo ya Sheria kule Karen, miezi sita ya kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu, mitihani, kisha uapishwe mbele ya Jaji Mkuu. Hapo umekuwa wakili tu. Kifungu cha 166 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinadai angalau miaka 10 zaidi, iwe ya uhakimu, ya uwakili, ya ualimu wa sheria uliotukuka, au mchanganyiko wa hizo.

Wengi huhesabu hiyo miaka kama mtu anayengoja matatu ijae. Mimi nasema hesabu kurasa. Siku ya kuomba kazi, Tume ya Huduma ya Mahakama itataka kuona maandishi yako, na hayatungwi usiku mmoja.

Ndiyo maana ninapendelea njia ya uhakimu, hata wakikupeleka Lodwar, mbali kule kaskazini. Hakimu mkazi husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 5; hakimu mkuu, hadi milioni 20. Fedha si hoja lakini. Hoja ni kwamba asubuhi una wizi wa mbuzi, saa sita ajali ya bodaboda, alasiri ndugu wanagombania urithi, na wewe peke yako ndiwe unayeandika kila kitu. Andika alichosema shahidi, si ulichodhani anataka kusema. Akinyamaza alipoulizwa, andika kwamba alinyamaza. Rufaa ikikatwa, jaji wa juu hatamwona shahidi huyo. Atakuona wewe kwenye karatasi. Nimeona kumbukumbu ambazo hata aliyeziandika hakuweza kuzisoma, na mfungwa akiwa anangoja.

Ukibaki wakili, fika kabla ya jaji kuingia, na usitoe hoja ambayo hujaisoma. Halafu msalimu karani. Sisemi kwa kujipendelea, au labda kidogo.

Nafasi zikitangazwa, majina ya waombaji huwekwa hadharani na wananchi hualikwa kutoa maoni. Hapo ndipo yule mteja uliyekalia pesa zake za fidia atakapokumbuka tahajia ya jina lako. Safisha mambo yako mapema: kodi, mkopo wa HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo), malalamiko yoyote dhidi yako. Mahojiano yenyewe hufanywa mbele ya umma, na rekodi ziko mtandaoni. Zitazame nyingi. Utaona wanaoyumba si wale wasiojua sheria, ni wale wanaoulizwa kuhusu uamuzi wao wenyewe wakaanza kuukana.

Usifunge ofisi kabla hujaapishwa. Majina ambayo Tume ilimpendekezea Rais 2019 yalikaa hadi Juni 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipoteua majaji 34 na kuwaacha sita. Sita hao waliteuliwa na Rais William Ruto Septemba 2022. Hebu fikiria kukaa miaka hiyo yote, majirani wakikuuliza kila Jumapili.

Ukishapata, utastaafu ukiwa na miaka 70, au 65 ukitaka. Huko Marekani jaji wa mahakama ya shirikisho ya wilaya hupitishwa na Seneti, kisha hana umri wa kustaafishwa kwa lazima, na Katiba yao haimdai hata digrii ya sheria. Mambo yao hayo.

Kabla ya yote, njoo Milimani siku ya kazi. Mahakama iko wazi kwa umma, isipokuwa kesi chache za faragha. Tafuta chumba kinachosikiliza mashahidi, si kile ambako kesi zinatajwa tu ili zipangiwe tarehe, ukae nyuma na daftari. Andika ushahidi wa mtu mmoja tangu aapishwe hadi ashuke kizimbani, kisha mpe rafiki asiyekuwepo asome akueleze kilichotokea. Na simu izime kabisa. Askari wa korti hana mzaha.