Jinsi ya kufuatilia ruzuku za kilimo za Umoja wa Ulaya hadi kwa wanaozipokea

Sera ya Pamoja ya Kilimo, iliyoanza mwaka 1962, inachukua takriban theluthi moja ya bajeti ya Umoja wa Ulaya. Fedha hizo ni za walipa kodi, nao wanastahili kujua zinaishia mikononi mwa nani. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoutumia kila mwaka.

Hatua ya kwanza ni kupakua orodha mapema. Kila nchi mwanachama ina tovuti yake ya wanufaika, na inapaswa kuchapisha majina na kiasi walicholipwa kabla ya tarehe 31 Mei. Takwimu hizo hubaki wazi kwa miaka miwili tu, kisha huondolewa. Kwa hiyo pakua jedwali lote, liandikie tarehe, na nakala ya awali usiiguse kamwe. Asiyehifadhi leo hataweza kulinganisha kesho, na bila kulinganisha hakuna ufuatiliaji.

Hatua ya pili ni kuuelewa mwaka wenyewe. Mwaka wa fedha wa kilimo huanza tarehe 16 Oktoba na kuishia tarehe 15 Oktoba, hivyo malipo ya Novemba 2022 yamo katika mwaka wa fedha 2023, ambao orodha yake ilitakiwa kutoka kabla ya mwisho wa Mei 2024.

Hatua ya tatu ni kutenganisha mifuko miwili: ule wa dhamana, unaolipa hasa ruzuku za moja kwa moja zinazokadiriwa kwa hekta, na ule wa maendeleo ya vijijini.

Hatua ya nne ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ndiyo yenye manufaa makubwa zaidi. Shamba moja kubwa linaweza kugawanywa katika kampuni kadhaa, kila moja ikiwa na mstari wake, na msomaji asiye makini akadhani ameona wakulima wa kawaida watano kumbe mwenye mali ni mmoja. Linganisha majina, manispaa na msimbo wa posta, kisha tafuta wamiliki katika sajili ya kampuni. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2023 zinataka kundi la kampuni na kampuni mama vitajwe pia, basi anza na safu hiyo, lakini usiitegemee peke yake. Usiunganishe kampuni mbili kwa sababu tu majina yake yanafanana. Subiri hadi upate hati, kwani tuhuma isiyo na ushahidi humuumiza mtu asiye na hatia.

Hatua ya tano ni kuheshimu mipaka ya faragha. Tarehe 9 Novemba 2010, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha uchapishaji wa majina ya watu binafsi uliofanywa bila kutofautisha kiasi, muda wala aina ya msaada. Uchapishaji uliporejeshwa kwa kanuni ya mwaka 2013, waliopokea hadi euro 1,250 kwa mwaka walianza kutajwa kwa namba badala ya majina. Ninaona mpaka huo ni wa haki, na sijawahi kujaribu kuwatambua.

Mwisho, panga orodha kuanzia kiasi kikubwa, ukokotoe sehemu ya fedha iliyoendea asilimia 20 ya juu ya wapokeaji, na uchapishe hesabu hiyo pamoja na jedwali ulilolitumia, ili mwingine aweze kuirudia na kukukosoa.