Somo: Mteja mkali baada ya maafa, na namna ya kumhudumia dirishani

Wanachama, habari za kazi. Mimi ni wakala wa pesa kwa simu hapa Katesh, wilayani Hanang. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, tope likashuka na mawe na magogo mpaka mjini kwetu na kijiji cha Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki. Kibanda changu kilipona kwa sababu tope lilipita upande mwingine. Jumatatu saa tatu nikafungua, na kufikia saa sita mchana nilikuwa nimeshatukanwa na watu ambao siku zote wananiita mwanangu.

Somo lenyewe limetokana na makosa yangu ya wiki ile. Kosa kubwa lilikuwa maneno mawili tu, "subiri kidogo". Nilimwambia kila mtu asubiri kidogo huku nikijua kabisa kwamba anachosubiri sina. Mtu amelala na watoto kwenye darasa lililogeuzwa kambi, amesimama juani kwa saa mbili, halafu anafika dirishani anaambiwa keshi imeisha. Hata mimi ningetukana.

Nimeandika kwa mifano ya uwakala kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua, lakini mwenye duka la dawa au anayekata tiketi ataona pa kushika.

Hatua ya 1: Jua hela inaendaje kabla hujafungua

Siku za kawaida wengine wanaweka, wengine wanatoa, keshi na floti (hela ya wakala iliyo kwenye simu) vinapishana vizuri. Baada ya maafa inakuwa njia moja. Ndugu wa Arusha, Singida na Dar wote wanatuma, walioko hapa wote wanatoa, na hakuna anayeweka. Floti inavimba kwenye simu, droo inabaki na sarafu. Kufuata keshi nako kulikuwa shughuli, maana barabara ya Babati–Singida ilikuwa imefunikwa na tope hapa hapa mjini.

Dawa yake niliiona Jumanne, tena kwa bahati. Jirani yangu anauza mchele na maharage. Siku ile aliuza kama hajawahi kuuza, noti zikajaa kwenye ndoo, na yeye alihitaji hela kwenye simu ili aagize mzigo mwingine. Nikamfuata: "Baba, niletee hizo noti nikuwekee." Akaleta. Kwa siku nne duka lake ndilo lililokuwa benki yangu. Kwa hiyo, kabla ya kufungua, zunguka mtaani uone nani anauza kwa keshi: mwenye chakula, mwenye dawa, mwenye mafuta. Ongea nao mapema, kabla wakala mwenzako hajawafikia.

Halafu weka kikomo. Mimi niliweka elfu hamsini kwa mtu. Kikomo kina ubaya wake, lazima niseme: anayehitaji laki mbili atatoa mara nne na kila mara atakatwa. Waliolalamikia hilo walikuwa na haki. Lakini bila kikomo watu watano wa kwanza wangemaliza droo.

Hatua ya 2: Tangaza usicho nacho kabla ya ulicho nacho

Nilichana boksi la sabuni nikaandika kwa kalamu nene: KUTOA MWISHO 50,000. KURUDISHA LAINI: KESHO SAA NNE. CHAJI BURE, SIMU MOJA KWA MTU. Boksi hilo lilipunguza ugomvi kwa nusu, ingawa nusu hiyo sikuipima kwa mizani.

Usiliache boksi liseme peke yake. Wapo wasiosoma, na wapo waliopoteza miwani kwenye tope. Kila baada ya muda toka nje, simama mwisho wa foleni, usome kwa sauti. Kwa wazee wetu nilimwomba kijana mmoja asome kwa Kiiraqw na mwingine kwa Kidatoga. Mtu akisikia "hakuna" kwa lugha ya nyumbani anajua hujamficha kitu.

Ukitaja saa, iwe ya kweli. Kama hujui mtandao utarudi lini, usiseme "baada ya nusu saa" ili mtu aondoke. Sema: "Sijui. Nikijua nitamtuma mtoto aje kambini." Na umtume kweli.

Hatua ya 3: Pole yenye kitu ndani

Kufikia siku ya tatu kila mtu ameshapewa pole mia. Ukimpa ya mia na moja huku unabonyeza simu, ni kama hujasema. Inua macho kwanza. Kama ni mkubwa kwako, shikamoo ije kabla ya yote, hata foleni iwe ndefu vipi. Kisha taja unachokijua: "Pole mama, nasikia mlikuwa upande wa sokoni." Kama hujui kitu, uliza kidogo: "Mmelala wapi jana?" Swali hilo linajibika. "Unajisikiaje?" halijibiki, usiliulize.

Usimwambie ashukuru Mungu kwamba yeye mzima. Hujui amemwacha nani huko.

Hatua ya 4: Mpe pa kukaa, na mwache amalize

Jumatano alinijia mzee na kitochi amekifungia kwenye kona ya shuka. Tope lilikuwa limekauka kwenye vitufe mpaka namba hazionekani. Nikafungua mgongo, nikatoa betri, laini nikaifuta kwa khanga yangu nikaitia kwenye simu yangu ya akiba. Ikasoma. Ndani mlikuwa na elfu sitini na kitu, mwanawe alituma.

Nilipotaja makato akapandisha. "Hata leo mnakata? Nyumba imekwenda, ng'ombe wamekwenda, na nyinyi mnakata!" Nikaanza kumweleza kwamba makato si yangu, yanakatwa na mtandao, yapo kwenye bango pale ukutani. Kila nilichosema kilikuwa petroli. Akapiga dirisha kwa fimbo. Nyuma yake alikuwepo mama anayeuza mboga, akamwambia maneno machache kwa Kidatoga, sikuyaelewa. Akamsogezea kreti la soda. Mzee akakaa. Mimi kwa mara ya kwanza siku ile nikanyamaza.

Baadaye akasema taratibu, "Nipe hamsini. Hiyo nyingine iache humo humo, ni ya jeneza."

Makato alikuwa anayajua tangu zamani, ni mteja wangu wa miaka. Tangu siku hiyo kreti linakaa mbele ya kibanda, na mtu akianza kufoka namkaribisha akae kabla sijajibu neno. Mtu aliyekaa sauti yake inashuka yenyewe. Ukiweza, mpe maji.

Na makato yataje mara moja tu, kwa namna hii: "Utapata mkononi hamsini, kwenye simu itabaki kadhaa." Taja kabla hajaweka namba ya siri, si baada.

Hatua ya 5: Fanya jambo moja mbele ya macho yake

Aliyepoteza simu, laini na kitambulisho anakuja na matatizo kumi. Chagua moja unaloliweza leo. Kurudisha laini kunahitaji alama za vidole na taarifa zake za kitambulisho cha taifa (NIDA), na wengi hawakumbuki namba. Basi leo mwandikie kwenye karatasi jina lake, namba yake ya simu na siku ya kurudi, mpe aondoke nayo. Karatasi ni kitu. Wapo waliozitunza kwenye sidiria wiki nzima.

Siri moja: kalamu yako isimame anapoongea. Ukiandika jambo la mtu mwingine anapokueleza lake, ameshakuona.

Hatua ya 6: Matusi na mkono

Matusi ya mtu mwenye uchungu, yapokee ya kwanza na ya pili. La tatu, sema kwa sauti ya chini: "Baba, nitakuhudumia, lakini usinitukanie mama." Akiinua mkono au akianza kurusha vitu, nafunga dirisha dakika tano na kila mtu anajua ni kwa sababu ya nani. Foleni yenyewe itamtuliza.

Polisi nisingeanza nao. Mwite mtu anayemheshimu: mzee wa ukoo, mchungaji, mwenyekiti wa kitongoji. Polisi ni wa mwizi.

Hatua ya 7: Mtofautishe mwenye shida na tapeli

Hapa usilegee hata kidogo. Wakati wa maafa atakuja mtu anayelia, anataka laini ya "kaka yake" irudishwe, na kidole anachoweka ni chake mwenyewe, si cha kaka. Mwingine atapiga simu akijifanya anatoka makao makuu, anagawa msaada, anataka namba za siri za wateja. Masharti ya usajili yabaki yale yale kwa kila mtu, alie au asilie. Mwenye shida ya kweli ataudhika, utamwomba radhi. Lakini laini ikienda kwa tapeli, aliyelala kambini anapoteza hata kile alichotumiwa.

Uvumi nao unaleta fujo. Wiki ile zilienea habari kwamba mlima unalipuka volkano, watu wakaja mbio kutoa hela wakimbie. Wataalamu wa jiolojia walishaeleza kwamba si volkano: sehemu ya mlima ilinyonya maji ikaelemewa, ikaporomoka. Sikubishana na mtu. Aliyetaka kutoa nilimpa kwa kikomo kile kile na kumwambia nilichosikia redioni, basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Rufiji: *Dada, mimi nauza mabati na misumari. Baada ya mafuriko ya 2024 gari la mzigo lilizunguka, nauli ikapanda, nikapandisha bei. Mpaka leo naitwa mnyonyaji. Nifanyeje?*

Nikuulize nawe: yale mabati yaliyokuwa dukani kabla ya maji, uliyauza bei gani? Kama uliyapandisha nayo, jina umelipata kwa halali, pole. Mzigo wa zamani uza bei ya zamani mpaka uishe, tena tangaza. Mzigo mpya bandika risiti ya nauli hapo hapo kwenye mabati, mtu aisome mwenyewe. Na kwa wateja wawili watatu unaowajua hali zao, punguza bila kutangaza. Wao watatangaza.

Mwanachama, Dar es Salaam: *Nakata tiketi za boti. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 safari zilisimama. Walionisumbua si waliopata hasara, ni wenye kikao Unguja. Hawa nao niwape kreti la soda?*

Hawa usiwape kreti, wape jibu. Yule wa kikao anataka vitu viwili: hela yake inarudi au tiketi inasogezwa? Na lini? Mjibu hayo mawili kwa sentensi moja, kisha mwite anayefuata. Akiendelea, mwambie taarifa ya hali ya hewa ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, wewe huna ufunguo wa bahari.

Mwanachama, Babati: *Mke alikuja na simu ya marehemu mumewe. Namba ya siri anaijua. Nikimtolea kuna ubaya gani? Hela ni ya watoto wake.*

Hili liliniumiza kuliko yote, na nilikataa. Leo ni mke, kesho ni shemeji aliyeipata namba ya siri kwa mke, na watoto hawaoni kitu. Njia ipo: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha Mahakama ya Mwanzo wateue msimamizi wa mirathi, na barua ya uteuzi huo ndiyo anakwenda nayo kwenye duka la mtandao husika. Ni safari ndefu kwa mtu aliyefiwa, kwa hiyo usiishie kwenye "haiwezekani". Mwandikie hatua hizo kwenye karatasi, mwonyeshe mahakama ilipo. Na kama una kitu mfukoni mwako, mpe cha watoto kula siku hiyo. Hiyo ni yako wewe, si ya marehemu.

Mwanachama, Katesh: *Nakumbuka lile boksi. Nilikuwa kwenye foleni. Ulinipa 50,000 mara moja, kesho yake ukaniambia imeisha. Bado nina kinyongo.*

Kweli, Alhamisi iliisha saa nne asubuhi, na boksi bado lilikuwa linasema 50,000. Sikulibadilisha. Nisamehe.

Mwanachama, hakutaja mji: *Na wewe ulipoteza mtu? Ulihudumiaje watu ukiwa hivyo?*

Nilimpoteza binamu. Ijumaa nilifunga saa sita nikaandika kwenye lile lile boksi, upande wa nyuma: NIMEKWENDA KUZIKA. JUMATATU SAA TATU. Niliporudi Jumatatu nilikuta foleni imeshapangwa, na mbele kabisa, juu ya kreti, amekaa yule mzee wa kitochi. "Tumekungoja," akasema. "Pole. Nasikia ni wa upande wa mama yako."