Kupanga Kazi za Wakati Halisi kwenye Mikrokontrola ya Vizimba vya Sato

Mfugaji wa sato mwenye vizimba ziwani, karibu na Mwanza, anapotaka mikrokontrola ndogo (kompyuta ya chipu moja) iangalie oksijeni ya maji na kuwasha pampu ya hewa kabla samaki hawajaanza kutweta, jambo la kwanza ni kuorodhesha kila kazi ya wakati halisi, yaani inayopaswa kumalizika kabla muda wake haujapita, kipindi chake (hurudiwa kila baada ya muda gani), na muda mrefu kabisa inaoweza kuchukua. Muda huo usikisiwe: washa pini moja ya mikrokontrola kazi inapoanza, izime inapoisha, kisha upime kwa osiloskopu, kifaa kinachoonyesha umeme unavyobadilika kwa muda.

Tuseme kusoma sensa hutumia milisekunde 20 katika kila 100, kuamua pampu 30 katika kila 200, na kutuma ujumbe wa simu 300 katika kila 1,000. Kazi yenye kipindi kifupi ipewe kipaumbele cha juu. Watafiti wa kompyuta Liu na Layland walionyesha mwaka 1973 kwamba kazi tatu za namna hii, zisizotegemeana, zitawahi daima kumalizika kabla ya zamu zao zinazofuata iwapo jumla ya matumizi ya prosesa haizidi asilimia 77. Hapa ni 20 + 15 + 30, yaani 65.

Hesabu hiyo husimama tu ikiwa kazi ya juu inaweza kuikatiza ya chini. Hapa ndipo wengi hukosea, nami naliona kuwa kosa zito, kwa kuwa wakiziita kazi kwa zamu ndani ya kitanzi kimoja (msimbo unaojirudia tangu mwanzo hadi mwisho), utumaji wa milisekunde 300 huikosesha sensa angalau zamu mbili nzima. Ukilazimika kutumia kitanzi, ugawe utumaji katika hatua zisizozidi milisekunde 40, na kila mzunguko ufanye hatua moja tu.