Mambo ya Kuweka Sawa Kabla Hujategemea Simu ya Umma na Intaneti ya Ugenini

Hakuna anayetafuta simu ya umma akiwa na yake mkononi. Utaitafuta siku ambayo yako imeibwa, imeingia maji au imezima usiku, na namba zote zimezima nayo. Kwa hiyo anza na karatasi. Andika kwa kalamu namba za watu watatu wa nyumbani, mwenyeji wako, benki yako na ubalozi wenu. Nakala moja ikae kwenye pochi, nyingine ibaki chumbani.

Ziandike kuanzia msimbo wa nchi, bila ile sifuri ya mbele. Usitegemee kukuta alama ya kujumlisha (+) kwenye simu ya kibandani. Jua namba ya kubonyeza kwanza, inayokutoa nje ya nchi uliyopo. Sehemu kubwa ya Ulaya ni 00, Marekani na Kanada ni 011, Japani ni 010, Australia ni 0011. Ila simu ya mezani ya Italia usiiondolee sifuri.

Ulizia pia kama vibanda bado vipo. Jiji la New York liliondoa simu yake ya mwisho ya sarafu Mei 2022, wakati Australia simu za umma za kampuni ya Telstra hupigwa bure kwa namba za kawaida za ndani tangu 2021. Japani beba sarafu za yeni 10, maana ya 100 hairudishi chenji.

Dharura: 112 nchi zote za Umoja wa Ulaya, 911 Marekani, bure hata kibandani. Kadi ya benki usiichomeke kwenye simu ya umma kabla hujajua bei ya dakika.

Sasa hili la namba za uthibitisho, naomba usilipite haraka. Dada mmoja tuliyekaa naye hosteli aliporwa simu kituo cha treni. Mpita njia akampa sarafu, akakimbilia simu ya ukutani. Mkonga sikioni, kidole juu ya vitufe, akakwama: namba pekee aliyoijua kwa kichwa ilikuwa ya mama yake, ya zamani, iliyokwisha kufungwa. Akaenda maktaba, kwenye kompyuta za bure. Akaandika nywila ya baruapepe yake, sahihi kabisa. Jibu likaja kwamba kompyuta ile haitambuliki, na namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu yake. Simu ipi? Ile aliyonayo mwizi! Akarudia mara nyingi mpaka akazuiwa kujaribu tena.

Mwizi naye alikuwa kazini. Laini haikuwekewa namba ya siri, basi akaihamishia kwenye simu nyingine, akafungua WhatsApp ya yule dada na kuingia kundi la familia: "Nimepata matatizo, nitumieni hela kwa namba hii." Shangazi yake akatuma bila kuuliza, na kwa nini aulize wakati jina ni la mtoto wao? Laini yenyewe ilikuwa ya nyumbani, na kuipata upya kulitaka afike dukani mwenyewe na kitambulisho. Kumtazama analia mbele ya kompyuta asiyoweza kuitumia kuonya mtu yeyote kuliniuma sana.

Kwa hiyo, kabla ya safari, weka namba ya siri kwenye laini. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp. Zima ujumbe unaosomeka juu ya skrini iliyofungwa. Chapisha namba za akiba za akaunti zako, zile za kuingilia ukiwa huna simu; Google hutoa 10, na kila moja hutumika mara moja tu. Bonyeza *#06#, unakili ile IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ya tarakimu 15. Laini ya nyumbani uitilie salio, kwani isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba ikapewa mtu mwingine.

Soma na sheria za huko. Uturuki hufungia simu iliyotoka nje inayotumia laini ya huko baada ya siku 120 isiposajiliwa. China Google na WhatsApp hazifunguki hivihivi. Ujerumani hupati laini ya kulipia kabla bila kitambulisho.

Kompyuta ya umma itumie kusomea habari na kuchapishia tiketi, mambo ya benki hapana. Ukishusha nakala ya pasipoti ili uichapishe, ifute, kisha uifute tena kwenye pipa la taka la kompyuta. Jina la waifai muulize mhudumu, kwa sababu mtu yeyote anaweza kurusha mtandao wenye jina kama la hoteli. Toka kwenye akaunti, usifunge dirisha tu. Angalia nani amesimama nyuma yako, usitaje namba ya kadi kwa sauti, usimruhusu usiyemjua akuandikie nywila, na wakitaka kubaki na pasipoti yako ili utumie intaneti, ondoka.