Jinsi ya kulisoma fuvu la kichwa kwa vidole vyako mwenyewe

Wanafunzi wengi wa afya wanakariri ile mifupa 22, 8 ya kubeba ubongo na 14 ya uso, afu mtihani ukiisha na yenyewe imeisha. Weka notsi pembeni kwanza, nawa mikono, kaa mbele ya kioo. Kichwa unacho, na majina mengi Kiswahili kilishakupa.

Anza na paji la uso, ndo mfupa wa frontali huo. Panda na vidole taratibu hadi utosini, hapo katikati umeshavuka mshono, yaani mstari mifupa inapoungana, na umeingia kwenye parietali, ziko mbili, kulia na kushoto, kisha shuka hadi kisogoni utakuta kinundu, hiyo oksipitali. Sasa rudi kwenye panja, uma meno, sikia msuli unavyocheza. Chini ya huo msuli kuna sehemu mifupa minne inakutana, ni myembamba mno na kwa ndani umepita mshipa wa damu, ndo maana mtu akipigwa panjani akazimia, hata akiamka anaongea vizuri kabisa, jamani mpelekeni hospitali.

Nyumbani kuna kichanga? Pitisha kiganja utosini bila kubonyeza, palivyo laini hapo ni mifupa haijafungana bado. Akiharisha ukaona pamebonyea, ameishiwa maji huyo, usingoje kesho.

Haya, sainasi. Ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa, jozi nne. Frontali iko juu ya nyusi, ethmoidi ni vijichumba vingi kati ya pua na jicho, sfenoidi iko ndani kabisa katikati ya kichwa, hiyo kidole hakifiki. Ya mashavuni, maksila, ndo kubwa kuliko zote na ndo inayosumbua watu, kwa sababu tundu lake la kutolea makamasi liko juu karibu na jicho, yaani ni kama ndoo iliyotobolewa karibu na mdomo, ukisimama maji hayatoki. Kinachopandisha makamasi ni vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, mafua yakivimbisha lile tundu basi yanakwama humo, ndo unasikia mtu anasema nikisujudu uso unataka kupasuka.

Kuipima, bonyeza chini ya mfupa wa shavu pande zote mbili kwa nguvu ileile, linganisha. Halafu gonga magego ya juu moja moja kwa mpini wa kijiko, maana mizizi yake iko karibu na sakafu ya hicho chumba. Likiuma gego moja tu, anza kwa daktari wa meno. Yakiuma yote ya upande mmoja na mafua unayo, shuku sainasi.

Ila jicho likianza kuvimba, hasa kwa mtoto mwenye mafua, acha kubonyeza bonyeza. Ukuta wa ethmoidi upande wa jicho ni mwembamba kama karatasi, usaha ukipita hapo jicho linaweza kupotea. Siku hiyohiyo hospitali.